Daftari la Wafu Lililowaponya Walio Hai

Mtu akifa kijijini kwetu, yako mambo tunayoyajua vema pasipo kufundishwa. Jirani hupelekewa habari, kaburi huchimbwa, maiti huoshwa, na matanga huwekwa. Hata maskini asiye na ndugu hakosi watu wa kumzika. Lakini liko jambo moja la mwisho ambalo wengi wetu twalisahau, nalo ni kumwandika marehemu: jina lake, umri wake, nyumba aliyokaa, siku aliyokufa na ugonjwa uliomwua. Twadhani hiyo ni kazi ya makarani, tena haina faida, kwa kuwa aliyekufa amekwisha kufa.

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyekaa ofisini miaka ipatayo 40 akifanya kazi hiyo tu. Hakupasua mgonjwa hata mmoja katika miaka hiyo, wala hakuvumbua dawa. Aliandika wafu, akawahesabu, akawapanga kwa mahali na kwa ugonjwa, kisha akawaonyesha walio hai kile ambacho wafu hao walikuwa wakiwaambia. Jina lake ni William Farr, na mataifa yote yanayolinda afya ya watu wao leo yatumia njia aliyoifungua yeye.

Farr alizaliwa tarehe 30 Novemba mwaka 1807, katika kijiji cha Kenley, wilaya ya Shropshire, nchini Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba wasio na mali. Alipokuwa bado mtoto alichukuliwa na mzee mmoja mwenye ardhi, Joseph Pryce wa Dorrington, aliyemlea na kumsomesha. Kijana alimsaidia mzee huyo hesabu zake, na labda hapo ndipo kidole chake kilipozoea tarakimu. Mzee Pryce alipofariki mwaka 1828 alimwachia fedha, naye Farr akazitumia kwenda Paris kusomea uganga. Huko Ufaransa, wakati ule, walikuwako waganga walioanza kusema kwamba haitoshi kukumbuka wagonjwa wawili watatu waliopona. Yapasa kuwahesabu wote, waliopona na waliokufa, ndipo ijulikane kama dawa yafaa. Fundisho hilo lilimwingia Farr, lisimtoke tena.

Aliporudi London alipata ruhusa ya kuwatibu watu mwaka 1832, akaoa mwaka uliofuata. Kazi ya uganga haikumpatia riziki kubwa, na mwaka 1837 mke wake alifariki kwa kifua kikuu. Mwaka ule ule wa huzuni, tarehe 1 Julai, sheria mpya ilianza kutumika Uingereza na Wales: kila mtoto azaliwaye, kila ndoa na kila kifo viandikwe katika daftari la serikali. Kabla ya hapo habari hizo zilikuwa katika vitabu vya makanisa, na wengi wasio wa kanisa la serikali, Wakatoliki miongoni mwao, hawakuandikwa sawasawa. Sasa nchi iligawanywa katika sehemu zaidi ya 2,000, kila sehemu na mwandikishaji wake, na nakala za madaftari yote zikapelekwa London. Farr aliingia katika ofisi hiyo kuu mwaka 1839, awe mtu wa kuzikusanya na kuzifupisha. Hakuwa mkubwa wa ofisi, wala hakupata kuwa mkubwa wake hata mwisho.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba wafu walikuwa wameandikwa, lakini hawakuweza kuhesabiwa. Mganga mmoja aliita ugonjwa kwa jina hili, mwenzake kwa jina lile. Mwingine aliandika homa tu, au kifo cha ghafula, kana kwamba ghafula ni ugonjwa. Mtu hawezi kujumlisha maembe na machungwa akayaita maembe. Basi Farr akatunga orodha ya magonjwa, kila moja na jina lake, akaomba waganga wote waifuate. Mwaka 1845 vitabu vya hati tupu vilipelekwa kwa waganga nchi nzima, wapate kujaza sababu ya kila kifo. Waliitikia kwa hiari yao. Sheria ya kuwalazimisha ilikuja baadaye, mwaka 1874.

Jambo la pili ni kwamba hesabu ya wafu peke yake yadanganya. Mji mkubwa hupata wafu wengi kwa sababu tu una watu wengi. Kwa hiyo Farr aliwagawanya wafu kwa walio hai, akauliza: katika kila watu 1,000, wamekufa wangapi? Alipofanya hivyo, pazia likafunuliwa. Ilionekana kwamba mtoto aliyezaliwa katika wilaya ya Surrey aliweza kutazamia, kwa wastani, miaka 45 ya kuishi. Wa London miaka 37. Na wa Liverpool, mji wa bandari wenye vyumba vya chini visivyo na hewa na watu wamebanana ndani yake, miaka 26 tu. Baadaye alitafuta wilaya zenye afya kuliko zote, akakuta kwamba humo walikufa watu 17 kwa mwaka katika kila 1,000. Hicho akakifanya kipimo. Kila mji uliozidi 17 ulipaswa kujibu kwa ajili ya waliozidi, kwa maana hao hawakufa kwa lazima.

Maneno hayo hayakuwapendeza wote. Katika taarifa ya kwanza ya ofisi vilitajwa vifo 63 vilivyoletwa na njaa. Hesabu hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa kama mwiba kwa Edwin Chadwick, katibu wa halmashauri iliyosimamia sheria ya maskini, kwa kuwa sheria ile ilisifiwa kwamba hakuna atakayekufa njaa. Chadwick alitaka kujua kama kweli watu hao walikufa kwa kukosa chakula. Farr, karani mpya asiye na ukubwa wowote, hakufuta neno. Alijibu kwamba wanaouawa na njaa ni wengi kuliko hao 63, ila njaa mara nyingi huua kwa mkono wa ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo ndio uandikwao daftarini. Yafaa tukumbuke ugomvi huo. Daftari la wafu si jambo la makarani tu. Wapo daima watu wenye nguvu ambao wangependa neno fulani lisiandikwe.

Jambo la tatu lilikuwa upesi. Taarifa ya mwaka mzima yafaa kwa mtunga sheria, lakini nyumba ikiungua hatungoji majivu ndipo tuite watu. Tangu mwaka 1840 ofisi ilitoa orodha ya vifo vya London kila juma, siku chache tu baada ya juma kwisha, na magazeti yakaieneza. Katika miaka ile ile Farr alitazama balaa la ndui, ambalo mwaka 1838 peke yake liliua watu zaidi ya 16,000, akaona kwamba maradhi ya kuenea hayaendi ovyo ovyo: hupanda, hufika kilele, kisha hushuka kwa mwendo unaoweza kupimwa. Anayejua mwendo huo aweza kujua mapema kama balaa lingali likipanda au limeanza kuchoka.

Sasa twafika mahali ambapo maisha ya mtu huyu yatufundisha zaidi, maana hapo alikosa.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliua watu 53,293 katika Uingereza na Wales, na London pekee watu zaidi ya 14,000. Farr alizipanga hesabu zote kwa uangalifu, akatafuta sababu. Akaona jambo la ajabu: waliokaa nchi ya chini, karibu na Mto Thames, walikufa wengi sana, waliokaa juu vilimani walikufa wachache. Penye kimo cha chini ya futi 20 walikufa watu kama 102 katika kila 10,000. Penye futi 350 hawakufika hata 10. Hesabu zilifuatana kama ngazi. Na kwa kuwa waganga wengi wa siku zile waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya itokayo kwenye uchafu, Farr akasema sababu ndiyo hiyo: hewa nzito ya mtoni. Hesabu zake zilikuwa za kweli, bali maana aliyozipa haikuwa ya kweli. Watu wa nchi ya chini walikuwa wakinywa maji ya mto ule ule uliopokea vyoo vyao.

Mganga mwingine wa London, John Snow, ndiye aliyeshika njia ya maji. Alifundisha tangu mwaka 1849 kwamba kipindupindu humezwa, wala hakivutwi puani. Wengi hawakumsadiki, na Farr alikuwa mmoja wa walioona kwamba ushahidi haujatosha. Lakini tazameni alivyotenda mtu huyu. Hakumfungia mwenzake mlango wa daftari. Mwishoni mwa Agosti 1854, ugonjwa ulipozuka kwa ukali karibu na Broad Street, Snow alikwenda kwenye ofisi hiyo akapewa orodha ya watu 83 waliokufa sehemu ile katika juma moja. Akaenda nyumba kwa nyumba, akakuta kwamba karibu wote walikunywa maji ya kisima kimoja chenye pampu. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa.

Zaidi ya hayo, kusini mwa mto kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile. Moja, Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea mwaka 1852, ikapanda juu ya mji penye maji safi. Ya pili, Southwark na Vauxhall, iliendelea kuchota katikati ya uchafu. Farr akawaagiza waandikishaji wa upande huo wafanye jambo ambalo halikuwa desturi: kila atakayekufa kwa kipindupindu, iandikwe pia nyumba yake yapata maji kwa kampuni ipi. Snow naye alitembea na kuuliza. Katika majuma saba ya kwanza walikufa watu 315 kwa kila nyumba 10,000 zilizonunua maji machafu, na 37 kwa kila nyumba 10,000 zilizonunua maji ya juu. Mtaa ni mmoja, hewa ni moja, kimo ni kimoja. Kilichotofautiana ni maji.

Mtu angedhani mambo yalikwisha hapo. Hayakwisha. Halmashauri ya wataalamu iliyochunguza balaa lile, na Farr alikuwa mmoja wao, ilikataa mwaka 1855 kumkubali Snow. Hewa ilishinda tena. Snow akafa mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 45, bila kuona siku ya kukubaliwa.

Siku hiyo ilikuja mwaka 1866. London ilikuwa imejenga mifereji mikubwa ya kupeleka maji machafu mbali, na sheria ilikuwa imezilazimisha kampuni kuchuja maji na kuacha kuyachota katikati ya mji. Watu walitumaini kwamba kipindupindu hakitarudi. Mwezi Julai kikarudi. Farr, aliyekuwa amekaribia miaka 59, alitazama orodha ya juma, kisha ya juma lililofuata, akaona kwamba vifo havikutawanyika mjini kote. Kusini, kulikoteseka vibaya mara mbili, kulikuwa na wafu wachache. Magharibi na kaskazini vivyo hivyo. Lakini upande wa mashariki, katika mitaa ya makuli na mafundi maskini, wafu walirundikana. Akaweka ramani ya maji juu ya ramani ya wafu. Zikalingana: karibu wote walikaa katika eneo la kampuni moja, East London.

Injinia wa kampuni aliandika gazetini kwamba kwa miaka kadhaa hawakutoa hata tone moja la maji yasiyochujwa. Basi wakatokea wateja waliosema kwamba mikunga, wale samaki wenye umbo la nyoka, walionekana katika mabomba ya nyumba zao. Mkunga hapiti katika mchanga wa kuchujia. Uchunguzi ukathibitisha: pale Old Ford, kando ya Mto Lea, maji ya mabwawa yaliyo wazi yalikuwa yameingia katika maji ya watu. Na mwishoni mwa Juni, karibu na mto huo huo, mfanyakazi mmoja na mkewe walikuwa wamekufa kwa kipindupindu, na choo chao kilimwagika mtoni. Maana mifereji mipya ilikuwa haijakamilika upande ule wa mji. Watu waliambiwa wachemshe maji. Ugonjwa ukapungua, lakini baada ya kuua London watu zaidi ya 5,000.

Katika taarifa yake ya mwaka 1868 Farr aliandika wazi kwamba maji ndiyo yaliyoleta mauti hayo, akampa Snow heshima aliyostahili. Hakuyatupa mawazo yake yote ya zamani, kwani mtu hubadilika kidogo kidogo. Lakini alikubali kwamba ngazi ya vilima aliyoijenga miaka 16 nyuma haikusimama juu ya sababu ya kweli. Je, nani aliyemshinda? Ni daftari lake mwenyewe. Kama angalikuwa ameandika yale tu yanayoafiki mawazo yake, asingalijua kosa lake kamwe, na walio hai wangaliendelea kunywa mauti. Kwa kuwa aliandika yote, kwa mahali pake na kwa siku yake, ukweli ulikaa pale ukimngoja.

Mwaka huo huo wa 1866 alipata ushindi mwingine. Sotoka ilikuwa ikiwaua ng'ombe wa Uingereza kwa maelfu, na viongozi walitabiri uharibifu usio na mwisho. Mwezi Februari Farr alitazama hesabu za kila mwezi, akaona kwamba kasi ya kupanda yazidi kupungua, akatangaza gazetini kwamba balaa liko karibu kushuka. Wengine walimdharau. Likashuka.

Mwaka 1879 mkubwa wa ofisi, George Graham, alistaafu. Kila mtu alidhani Farr atapewa kiti, baada ya utumishi wa miaka 40. Alipewa mtu mwingine, na Farr akaondoka akiwa na afya iliyochakaa. Alipewa nishani, akafa London tarehe 14 Aprili mwaka 1883. Lakini kazi yake haikuzikwa naye. Orodha aliyoipigania katika mikutano ya mataifa ndiyo mzizi wa orodha ya magonjwa inayotumiwa sasa ulimwenguni kote, ambayo Shirika la Afya Duniani laitunza tangu mwaka 1948. Na Alexander Langmuir, daktari wa Marekani aliyeijenga kazi ya kuchunga magonjwa nchini mwake katika karne ya 20, alimtaja Farr kuwa ndiye mwanzilishi wa njia hiyo.

Tuifupishe njia yenyewe, maana ni rahisi kueleza ingawa ni ngumu kuitenda. Kwanza, watu wakubaliane ugonjwa gani waitwa jina gani. Pili, kila anayeugua au kufa aandikwe, wapi na lini. Tatu, habari zikusanywe mahali pamoja upesi. Nne, zilinganishwe na hesabu ya walio hai, na za juma hili zilinganishwe na za majuma yaliyopita, ili lisilo la kawaida lijitokeze. Tano, zirudishwe kwa wale wawezao kutenda, nao watende. Pingu moja ikikatika, mnyororo wote hauvuti. Orodha ya Broad Street ingalibaki karatasi tu kama hakuna aliyeondoa mkono wa pampu.

Huku kwetu twajua hasara ya kukosa daftari. Mwaka 1869, miaka mitatu tu baada ya balaa la mashariki ya London, kipindupindu kilifika Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa huko, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876, akaonyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara na za majahazi. Twamshukuru. Lakini wafu wenyewe hawakuandikwa mmoja mmoja. Hatujui majina yao, wala nyumba zao, wala kisima kilichowaua. Tumebakiwa na makisio.

Hali imebadilika tangu siku hizo. Tangu mwaka 1998 nchi za bara letu zimekubaliana juu ya mpango mmoja wa kuchunga magonjwa, na zahanati hupeleka taarifa zake wilayani kila juma, kama ilivyokuwa London ya Farr. Lakini zahanati haiwezi kuandika isichoambiwa. Wangali wapo watu wengi wanaofia nyumbani na kuzikwa bila habari yao kufika popote. Wengine huficha kipindupindu kwa aibu, wakasema marehemu alirogwa, au alikufa ghafula tu. Aibu hiyo yagharimu maisha ya jirani, kwa kuwa maji yaliyomwua marehemu bado yachotwa asubuhi ya kesho.

Basi, mwenye nyumba, ukipatwa na msiba, lia, zika, na uweke matanga kama ipasavyo. Kisha, kabla waombolezaji hawajatawanyika, nenda kwa mwandikishaji ukamwandikishe ndugu yako. Na palipo na ugonjwa wa kuharisha au homa usiyoielewa, mpashe habari mganga wa zahanati siku ile ile. Kumsema marehemu kwa kweli si kumvunjia heshima. Ni kumpa nafasi ya kuwatendea wema wa mwisho wale aliowaacha.